Usukani unanguruma na kuwa mzito kwa vipindi: jinsi ya kutafuta hitilafu na kutoa hewa mwenyewe nyumbani

#1. Mwanzisha uzi, Goma

Ndugu wasomaji, salamu kutoka Goma.

Nafungua uzi huu baada ya miezi miwili ya kuhangaika na usukani wa gari langu, na baada ya kununua pampu ambayo sikuihitaji. Gari ni Toyota Carina yenye injini ya 7A-FE na usukani wa hidroliki. Ulianza kwa kunguruma kila nilipokata kona kwa mwendo mdogo, hasa asubuhi nikitoka uani kwangu Ndosho, kisha ukawa mzito kwa vipindi: unazunguka kwa ulaini, ghafla unagoma kana kwamba mtu ameushika upande wa pili, halafu unaachia. Fundi alisikiliza kwa nusu dakika, akainama kutazama chini ya gari, akaona ardhi ni kavu, akaamua kwamba pampu imekufa. Nilinunua pampu ya mtumba, ikafungwa, na siku ya tatu mngurumo ukarudi vilevile. Hitilafu ilikuwa kibano, kile ambacho gereji zetu hukiita kolye, kilicholegea kwenye mpira unaotoka kwenye kopo la mafuta kwenda kwenye pampu.

Simlaumu fundi kwa ubaya, kwa sababu ardhi kavu humdanganya hata mtu mwenye uzoefu, na hapo ndipo ninapotaka tuelewane kabla ya mtu yeyote kushika spana. Pampu inayozungushwa na mkanda wa injini huvuta mafuta kutoka koponi kupitia mpira mnene usio na shinikizo, kisha huyasukuma kwa shinikizo la makumi ya bar kupitia bomba jembamba hadi kwenye reki, yaani mtambo unaogeuza magurudumu, ambayo wengi hapa tunaijua kwa jina la kremayeri. Huko, valvu iliyo mwishoni mwa mhimili wa usukani huyapeleka kushoto au kulia kwa pistoni kulingana na unavyozungusha, na mafuta yaliyokwisha kufanya kazi hurudi koponi. Upande wa shinikizo ukipasuka, mafuta hutoka nje na utaona matone. Upande wa kuvuta ukilegea, mambo huwa kinyume: injini inapofanya kazi, pampu inanyonya hewa kupitia ule ufa badala ya kutoa mafuta, na huenda usione hata tone moja. Kutoa hewa kwenye mfumo wa namna hiyo bila kuziba mahali inapoingilia ni kutwanga maji kwenye kinu. Nilitoa hewa mara tatu kabla ya kulielewa hilo.

Anzeni na kopo. Nilipofungua kifuniko mara tu baada ya kuzima injini, mafuta ambayo yalipaswa kuwa mekundu na yenye kupenya mwanga yalikuwa yamefifia na kujaa povu, kama maji ya sabuni yaliyofuliwa kitambaa chekundu. Niliyaacha usiku kucha, na asubuhi yalikuwa yametulia, yamerudi kuwa mekundu, huku kina chake kikiwa kimeshuka. Mafuta yaliyotiwa hewa huwa hivyo. Yangekuwa meusi na yenye harufu ya kuungua, ningefikiria uchakavu; yangebaki na rangi ya maziwa hata baada ya kutulia, ningefikiria maji.

Sikilizeni sauti pia, kwa maana zinachanganywa mno. Mkanda uliolegea hupiga kelele kali na nyembamba, hasa unapofikisha usukani mwisho au asubuhi yenye unyevu, na kelele hiyo hubadilika kwa muda mfupi ukiunyunyizia maji kidogo. Hewa hunguruma kwa sauti nzito inayopanda na kushuka pamoja na injini. Mlio mfupi wa hewa inayopita kwa nguvu, unaosikika usukani ukiwa umefika mwisho kabisa, ni valvu ya kupunguza shinikizo ikifanya kazi yake, na huo si ugonjwa, lakini usiendelee kuushikilia usukani pale, kwa kuwa mafuta na pampu hupata joto kwa haraka sana.

Ikiwa tatizo ni uzito tu bila kelele, pimeni kwanza upepo wa matairi ya mbele, kwa sababu barabara zetu za mawe ya volkeno huyapunguza upepo bila mwenye gari kujua. Kisha nyanyueni magurudumu ya mbele na mzungushe usukani injini ikiwa imezimwa. Utakuwa mzito kiasi, lakini uzito huo unapaswa kuwa sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukikwama mahali pamoja, hitilafu iko kwenye viungo, kwenye bearing za juu ya shokomzoba au kwenye reki yenyewe, na hakuna mafuta yatakayoiponya.

Kuhusu mahali hewa inapoingilia, njia iliyonisaidia ni rahisi. Niliwasha injini ikawa kwenye ralanti, yaani inazunguka polepole bila kukanyagwa, nikachukua brashi ndogo ya rangi, nikaichovya kwenye mafuta yaleyale ya usukani, nikapaka kiungo kimoja baada ya kingine upande wa kuvuta: pale mpira unapotoka koponi, mwili wote wa mpira, kisha pale unapoingia kwenye pampu. Nilipofika kwenye kibano cha pampu, mngurumo ulipungua kwa sekunde chache, kwa sababu yale mafuta yaliziba ufa kwa muda. Nilipoutoa ule mpira, ncha yake ilikuwa imekakamaa na kuwa na mipasuko kama visigino wakati wa kiangazi. Wekeni mpira unaokubali mafuta. Ule wa maji ya rejeta utavimba na kulainika ndani ya muda mfupi.

Angalizo moja ambalo sitaki lipite haraka: upande wa shinikizo msitafute uvujaji kwa kupapasa kwa mkono injini ikiwa inawaka. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kwa shinikizo kubwa yanaweza kupenya ngozi, na jeraha la namna hiyo linahitaji hospitali siku hiyohiyo hata kama linaonekana dogo. Pitisheni kipande cha kartoni karibu na bomba na mtazame kama kinaloa.

Sasa kutoa hewa, ambako mafundi wetu husema kupurje. Mfumo huu, tofauti na breki, kwa kawaida hauna skrubu ya kutolea hewa. Hewa hutoka yenyewe kupitia koponi, mradi mafuta yazungushwe polepole na kopo lisikauke hata mara moja. Nilinyanyua mbele ya gari, nikajaza kopo hadi alama ya baridi, na injini ikiwa imezimwa nikazungusha usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, taratibu sana, huku mwanangu akiwa na tochi juu ya kopo na kuniambia kila viputo vilipotokea. Tulifanya hivyo karibu mara ishirini, tukisimama kuongeza mafuta kila kina kiliposhuka. Watu wengi huwasha injini mapema, na hilo ndilo linaloharibu kazi yote, kwa sababu pampu inapozunguka kwa kasi huvunja kiputo kimoja kikubwa kuwa maelfu ya viputo vidogo, na hivyo huchukua saa nyingi kupanda juu.

Viputo vilipokwisha nilishusha gari, nikawasha injini bila kuzidi mizunguko 1,000 kwa dakika, nikaiacha dakika chache, kisha nikazungusha usukani hadi mwisho wa kushoto na kuushikilia sekunde mbili au tatu, halafu hadi mwisho wa kulia vivyo hivyo, mara kadhaa. Mwishowe nikapima. Weka alama ya kina cha mafuta injini ikiwa inawaka, zima, tazama tena. Kipimo cha Toyota ni kwamba kina kisipande zaidi ya milimita 5. Hewa iliyobaki ndani imebanwa wakati pampu inasukuma, na injini ikizimwa hupanuka na kuyainua mafuta koponi. Mimi nilipata milimita 9 mara ya kwanza, nikaacha gari lipumzike hadi jioni, nikarudia, nikapata 2.

#2. Mchangiaji, Goma

Asante sana, kaka. Naomba kuuliza: je, ni lazima kunyanyua gari? Uani kwangu Himbi ni mawe matupu na sina mahali pa kuweka kriki (jeki) kwa usalama.

#3. Mwanzisha uzi, Goma

Ndugu yangu, kwa hatua ya kwanza ningekushauri usiikwepe. Tairi likiwa limelala juu ya mawe yetu, kuligeuza injini ikiwa imezimwa kunahitaji nguvu nyingi, mikono inachoka, na mtu aliyechoka huwasha injini ili amalize upesi, jambo ambalo ndilo tunalolikimbia. Lakini usiweke kriki juu ya jiwe la volkeno, hata likionekana pana kiasi gani, kwa sababu lina matundu ndani na linaweza kupasuka chini ya uzito bila onyo. Mimi niliazima ubao mnene wa mninga, nikausawazisha kwa mchanga, nikaweka kriki juu yake na vigingi vya chuma chini ya chasi. Carina husukumwa na magurudumu ya mbele, na breki ya mkono hushika yale ya nyuma, kwa hiyo ukishanyanyua mbele kinacholizuia gari ni breki hiyo pamoja na mawe unayoweka mbele na nyuma ya matairi ya nyuma. Usiingie chini ya gari kwa ajili ya kazi hii. Hakuna hatua hata moja inayokudai ufanye hivyo.

Ikiwa kweli huna mahali, nenda kwa jirani mwenye sakafu ya saruji. Kazi yenyewe ni ya saa mbili.

#4. Mchangiaji, Bukavu

Salamu kutoka Kadutu. Naomba niongeze jambo ambalo linamhusu mwanzisha uzi moja kwa moja, kwa sababu injini yake ni ya ukoo uleule na yangu.

Mimi nina Corolla ya miaka ya 1990. Kina cha mafuta ya usukani kilikuwa kinashuka kila wiki, ardhi ikiwa kavu, mpira wa kuvuta ukiwa mpya na vibano vimekazwa. Nilitazama hadi ndani ya vile vifuniko vya mpira vilivyo kwenye ncha za reki, ambavyo hapa Bukavu hupasuliwa na tope na mawe ya miteremko yetu, na ambavyo wakati mwingine huficha mafuta mengi ndani yake bila tone kufika chini. Navyo vilikuwa vikavu. Kitu pekee kilichokuwa kigeni ni moshi mweupe kwenye ekzosi kila nilipogeuza gari.

Kwenye pampu nyingi za Toyota za wakati huo kuna kivalvu kidogo chenye mipira miwili myembamba inayokwenda kwenye njia ya hewa ya injini. Kazi yake ni kuongeza hewa kidogo usukani unapogeuzwa, ili injini isizimike kwa mzigo wa pampu ikiwa kwenye ralanti. Muhuri wa ndani ya kivalvu hicho ukichakaa, injini hunyonya mafuta ya usukani kupitia ule mpira na kuyachoma pamoja na petroli. Mafuta yanakwisha, na hayaanguki popote. Nilichomoa mpira mmoja, nikaingiza kijiti kilichofungwa pamba, na pamba ikatoka nyekundu. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Nilibadilisha kivalvu. Kabla ya kukipata niliiziba mipira yote miwili, na gari lilitembea vizuri, isipokuwa injini ilitetemeka kidogo nilipogeuza usukani nikiwa nimesimama. Basi yeyote ambaye kopo lake linapungua bila sababu na ambaye ekzosi yake inatoa moshi asikimbilie kubomoa reki.

#5. Mwanzisha uzi, Goma

Yaya, ahsante kwa hili. Nimetoka nje sasa hivi na tochi kutazama, na ile mipira miwili ipo, nyuma ya pampu, na iko mikavu. Sikujua kazi yake, na nilikuwa nimeifungua na kuifunga mara mbili.

#6. Mchangiaji, Lubumbashi

Wapendwa, nimefuatilia uzi huu kutoka Katuba, na kwa kuwa nimefanya kazi ya gereji kwa miaka mingi naomba nizungumzie mafuta yenyewe, ambayo hayajapewa nafasi yanayostahili.

Toyota nyingi za hidroliki hutumia mafuta ya giaboksi otomatiki ya aina ya Dexron II au III, yale mekundu. Honda wana mafuta yao ya usukani na wanasisitiza yatumike hayo pekee. Magari mengi ya Ulaya hutumia mafuta ya kijani ya aina ya CHF, na hayo hayachanganywi na mekundu. Kwa hiyo kabla ya kununua soma kifuniko cha kopo, kwa kuwa mara nyingi aina imeandikwa hapo hapo. Kosa kubwa kuliko yote ni kumimina mafuta ya breki. Nimeletewa gari ambalo dereva alifanya hivyo akiwa njiani kutoka Kasumbalesa, na ndani ya siku chache kila muhuri wa mpira ulikuwa umevimba; tulibadilisha pampu na mihuri yote ya reki. Yakishaingia kwa bahati mbaya, usiwashe injini hata kidogo: yatoe yote kwanza.

Huku kwetu wakati wa kiangazi kuna vumbi jekundu linaloingia kila mahali. Futa kopo lote kwa kitambaa chenye petroli kidogo kabla ya kufungua kifuniko. Vipengele vya ndani ya pampu vinateleza juu ya ukuta wa chuma kwa nafasi ndogo sana, na chembe za mchanga hukwangua ukuta huo mpaka pampu ishindwe kutoa shinikizo mafuta yakipata moto. Pampu ya namna hiyo utaitambua kwa sababu usukani ni mwepesi asubuhi na mzito baada ya nusu saa. Hiyo ndiyo pampu iliyokufa kweli, na dalili yake ni tofauti na ya hewa.

Ukitaka kubadilisha mafuta yote na si kuongeza tu, chomoa mpira wa kurudisha pale unapoingia koponi, uelekeze kwenye chupa tupu, ziba tundu la kopo, kisha zungusha usukani injini ikiwa imezimwa na magurudumu yakiwa juu, huku mtu mwingine akimimina mafuta mapya. Mfumo mzima kwa kawaida hauzidi sana lita moja, lakini nunua mbili, kwa sababu ya kwanza huishia kuosha. Endelea mpaka yanayotoka yafanane na yanayoingia.

Kwa gari lililo sugu, sisi tuna pampu ndogo ya kuvuta hewa. Tunaweka kizibo cha mpira kwenye mdomo wa kopo, tunavuta karibu bar 0.7, tunaacha dakika tano, na viputo vilivyojificha kwenye reki hupanuka na kupanda. Ndugu wa Goma wakumbuke kwamba mji wao uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na shinikizo la hewa huko ni karibu asilimia 84 ya lile la pwani, kwa hiyo kipimo hakitafika kule kinakofika Matadi. Wasidhani kifaa chao ni kibovu.

#7. Mchangiaji, Goma

Naomba msaada. Mimi nina RAV4 ya mwaka 2008, usukani umekuwa mzito na taa imewaka kwenye dashibodi, na nimetafuta kopo la mafuta ya usukani tangu asubuhi bila kuliona.

#8. Mchangiaji, Lubumbashi

Hutaliona, mama, kwa kuwa halipo. RAV4 za kuanzia mwaka 2006 zina usukani unaosaidiwa na mota ya umeme. Hakuna pampu, hakuna mafuta, na hakuna hewa ya kutoa. Anza na betri na vituo vyake, kwa maana umeme ukiwa mdogo mfumo huo hujizima wenyewe, kisha umtafute fundi mwenye kifaa cha kusoma makosa ya kompyuta.

#9. Mchangiaji, Goma

Ni mimi niliyeuliza kuhusu kriki. Nilikwenda kwa shemeji yangu Katindo ambako kuna saruji, na leo nimefanya yote. Nilipaka mafuta viungo vyote kwa brashi na sauti haikubadilika popote. Nilitoa hewa kwa utaratibu ulioelezwa, kina kikapanda milimita 3 tu baada ya kuzima, kwa hiyo kipimo ni kizuri, lakini mngurumo ulibaki, ingawa umepungua.

Nikakumbuka kwamba pampu inaweza kulia pia kwa kukosa mafuta ya kutosha, si kwa hewa pekee. Nikatoa kopo lote nje, nikalimwaga, nikamulika ndani. Chini kabisa kuna wavu mwembamba, na ulikuwa umefunikwa na utando mweusi laini kama majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa. Nililiosha kwa petroli, nikalikausha juani, nikarudisha, nikatoa hewa upya. Sasa usukani hausikiki. Je, utando ule umetoka wapi?

#10. Mwanzisha uzi, Goma

Hongera sana, ndugu yangu. Chukua kidogo cha ule utando uusugue katikati ya vidole viwili. Ukiacha weusi kama wa masizi na ukawa laini, ni mpira wa kurudisha unaomomonyoka kutoka ndani, hata kama nje unaonekana mzima. Ubadilishe, la sivyo wavu utaziba tena. Ukisikia chembe na ukaona mng'ao wa chuma juani, ni pampu inayojila yenyewe.

#11. Mchangiaji, Goma

Ni laini, bila mng'ao. Nimeukata ule mpira kwa urefu, na ukuta wa ndani unabanduka kwa kucha. Mpya nimeupata, mita moja, na kolye mbili. Nitaufunga Jumamosi na kupima tena kina kabla na baada ya kuzima.